Nani ni Mgeni wa Nani? Mto Lhubiriha na Kumbukumbu Fupi ya Binadamu

Wiki hii zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Nilitaka kuandika juu ya vita, lakini juu ya vita tumeshaandika sana, na kila tukiandika usingizi unapotea. Nikaona niandike juu ya nyanya. Nasema zile za kupika, si nyanya mzaa mama. Ingawa mtaona, huyu wa pili naye ataingia tu.

Ijumaa moja nilishuka soko la Mpondwe. Wanaojua wanajua: Jumanne na Ijumaa pale hakuna pa kukanyaga. Mawese yanatoka ng'ambo, chumvi na sabuni zinaenda ng'ambo, vitenge vinapita juu ya vichwa, baiskeli zimebeba mizigo mpaka huoni anayesukuma. Nikasimama kwa mama mmoja muuza nyanya. Akanisikiliza Kiswahili changu, akakipima kama anavyopima nyanya, akasema:

"Weye kijana ni Mukongomani?"

"Ndiyo, mama. Natoka upande wa Beni."

"Eeh! Nyiye Wakongomani mumekuwa wengi huku. Mpaka nyumba za kupanga zimepanda bei."

Nikasema, "Pole, mama." Mkimbizi anajifunza kusema pole kwa kila kitu. Mvua ikinyesha, pole. Bei ikipanda, pole. Hata mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye wa kusema pole.

Kabla hajanirudishia chenji, simu yake ikalia. Akaanza kuongea, na mimi nikasikia kila neno, kwa sababu alikuwa anaongea lugha ya mama yangu. Dada yake alikuwa Kasindi, anavuka na jerikani mbili za mawese, anaomba apokewe darajani. Simu ilipokatika nikamwuliza kwa lugha ileile, "Mama, kwenu hasa ni wapi?"

Akanitazama. "Mimi? Mimi ni wa hapahapa. Mama yangu ndiye alitoka ng'ambo."

Nikacheka. Naye, baada ya kusikia alichosema mwenyewe, akacheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza: mtu anahitaji miaka mingapi ili asahau kwamba naye alivuka? Ndiyo maana leo naandika historia. Si historia ya wafalme. Ni historia ya kusahau.

1. Mto kabla ya karatasi

Mto Lhubiriha unashuka kutoka milima ya Rwenzori kuelekea Ziwa Edward. Upande wa Uganda tunaandika Lhubiriha, upande wa Congo wanaandika Lubiriha. Maji ni yaleyale. Watu nao karibu ni walewale: upande huu wanaitwa Wakonzo, upande ule Wanande. Wazee wao wanajua jina linalowafunika wote, Bayira. Lugha zao zinasikilizana vizuri. Ukisaidiwa Bwera utasema "wasingya", na ukisaidiwa Butembo utasema "wasingya", na hakuna atakayekuuliza umetumia asante ya nchi gani.

Zamani kabla ya mpaka, kilichovusha watu hapa kilikuwa chumvi. Katwe, ndani ya wilaya hii ya Kasese, kuna ziwa dogo ndani ya shimo la volkeno ya kale. Maji yake ni machungu ya chumvi. Watu wamechota chumvi pale kwa vizazi vingi, na wafanyabiashara waliibeba kwenda mbali, mpaka milima ya Congo ya leo. Chumvi ile ilikuwa mali kweli, wafalme waliigombania. Stanley alipita Katwe mwaka 1889, na mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Kiingereza akajenga ngome pale, akaiita Fort George. Ujue, mzungu hajengi ngome mahali pasipo na kitu.

Lakini nataka tuone jambo dogo. Yule mtu wa milimani aliyeshuka na maharage yake kutafuta chumvi, na yule wa Katwe aliyekuwa na chumvi lakini hana maharage, hakuna aliyemwita mwenzake mzigo. Walihitajiana. Ukihitaji kitu alicho nacho mtu, unamwita mteja au rafiki. Ukishaacha kukihitaji, ndipo unakumbuka kwamba ni mgeni.

2. Mpaka uliochorwa na watu ambao hawakuvuka mto

Mwisho wa karne ya 19 Congo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Nchi nzima, kama shamba lake. Waingereza walikuwa Uganda, Wajerumani kusini yetu. Mwaka 1894 Waingereza na Leopold walikubaliana juu ya mstari wa nyuzi 30 mashariki. Sasa, wandugu, mstari wa nyuzi 30 ni mstari wa hewa. Mbuzi hauoni, mto hauujui, na wapimaji walipokuja na vyombo vyao ilionekana kwamba ramani za mwanzo hazikulingana na milima yenyewe. Ikabidi wazungumze upya. Wakati huo Leopold alikuwa amenyang'anywa Congo na nchi yake mwenyewe, mwaka 1908.

Mwezi wa Mei 1910 wakakutana Brussels: Mwingereza, Mbelgiji na Mjerumani. Huko ndiko walikokubali mpaka upite wapi kwetu: utoke Ziwa Edward, upande na mto Lhubiriha mpaka unakoanzia, kisha ukwee mlimani hadi kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Mkataba wa Februari 1915 ukaja kuthibitisha mambo kwa urefu. Na huyo Margherita ni nani? Ni malkia wa Italia. Mtalii mmoja mkubwa wa kifalme, Duke wa Abruzzi, alipanda mlima mwaka 1906 akakipa kilele jina la malkia wa kwao. Kwa hiyo mpaka wetu unaanza kwenye ziwa lenye jina la mtoto wa malkia wa Uingereza, unapita kwenye mto wenye jina letu, unaishia kwenye kilele chenye jina la malkia wa Italia. Sisi tulibaki na sehemu yenye matope.

Hakuna aliyeuliza mama aliyekuwa na shamba upande huu na kaburi la baba yake upande ule. Asubuhi aliamka ni mtu wa ng'ambo, na hakuwa ameondoka kitandani.

Nenda sasa barabara ya Kasese, karibu na Kikorongo. Pale kuna alama nyeupe za mviringo zinazoonyesha ikweta. Watalii wanasimama, mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini, wanapiga picha na kucheka. Ule nao ni mstari uliowekwa na watu wa vipimo. Jaribu kupiga picha hiyo katikati ya daraja la Mpondwe, mguu mmoja Uganda, mguu mmoja Congo, uone askari watakavyocheka pamoja nawe.

3. Kasese, mji wa wageni

Mtu akiniambia "huu ni mji wetu, nyinyi mmekuja tu", sigombani. Ninamwuliza kwa adabu: mji ulianza lini?

Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956. Ilikuja kwa sababu ya shaba ya Kilembe, juu huko mlimani. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya tambarare ilikuwa na watu wachache. Ugonjwa wa malale ulikuwa umewafukuza watu kandokando ya maziwa, na mwaka 1952 eneo kubwa likafanywa hifadhi ya wanyama ya Kazinga. Miaka miwili baadaye, malkia wa Uingereza alipotembelea, hifadhi ikapewa jina lake, Queen Elizabeth. (Ndiyo, malkia mwingine. Sehemu hii ya dunia ina bahati ya malkia.)

Reli ilipofika, watu wakaja. Wachimba madini, makarani, mafundi wa treni, wauza chai, wauza pombe, na wale wanaokuja tu kwa sababu wengine wamekuja. Wakonzo walishuka kutoka milimani, wengine walitoka pande nyingi za Uganda na nje ya Uganda. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni imenyamaza miaka mingi, lakini watu walibaki. Wakazaa, wakajenga, wakawa "wenyeji".

Basi Kasese ya mjini ni umri wa mzee wa miaka sabini. Kuna akina mama sokoni wanaouzidi mji huu umri. Na bado utasikia mtu ambaye baba yake alishuka kwenye treni na sanduku moja akisema, "Siku hizi wageni wamejaa."

Simcheki sana. Najua ninavyofanya mimi mwenyewe. Kwenye foleni ya maji, niliyefika saa kumi na mbili asubuhi ninamwona wa saa moja kama mvamizi. Yeye naye, baada ya dakika tano, ameshapata wa kumwangalia vibaya. Kila binadamu anataka mlango ufungwe mara tu baada ya yeye kuingia.

Tuseme ukweli, kwa sababu kundi letu hili tulikubaliana tusiwe watu wa kulalamikia wengine tu. Sisi wakimbizi hatufanyi hivyo? Si tunasikia kwenye makazi: "Sisi ni wa 2012, hawa wa juzi ndio wanaharibu jina"? Wale wa zamani wana mashamba yao ya migomba, wana kona yao kanisani, na mtu akifika na turubai jipya wanamtazama kama serikali inavyotutazama sisi. Nyani haoni kundule, walisema wazee, na wazee hawakuwa wanaongelea nyani.

4. Kila mtu ana zamu yake

Nilipoanza kuuliza na kusoma, nikakuta kwamba ukimbizi hapa ni kama mvua. Inahama tu kutoka kilima kimoja kwenda kingine.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1942, maelfu ya Wapolandi waliletwa Uganda kama wakimbizi. Wazungu, wandugu. Kina mama na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu mpaka Siberia, wakapitia Uajemi, wakafika Afrika. Waliwekwa Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya ziwa la Victoria. Walilima, walisomesha watoto, walijenga kanisa ambalo Nyabyeya lipo mpaka leo. Mfanyakazi wa shirika akija kutoka Ulaya kutufundisha "ustahimilivu", msalimie kwa upendo, kisha umwambie kwamba hata watu wa bara lake walipokelewa hapa na udongo huuhuu.

Halafu Wakonzo wenyewe. Mwaka 1962, Uganda ikikaribia uhuru, Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro na walisema wamechoka kudharauliwa kama watu wa milimani. Wawakilishi wao wakatoka nje ya baraza la Toro, na tarehe 30 Juni mwaka huo Isaya Mukirane na wenzake wakatangaza Rwenzururu yao. Ikaja miaka ya kupigana na kujificha. Watu walikimbilia juu mlimani kwenye baridi, na wengine wakavuka upande wa Congo kwa ndugu zao. Silaha ziliwekwa chini mwaka 1982, na serikali ilikuja kuutambua ufalme mwaka 2009. Kwa hiyo kuna wazee Bwera ambao ukiwauliza polepole watakumbuka usiku waliovuka mto kwenda kule ambako sisi tumetoka. Huko walipewa ugali wa muhogo. Hapa unaitwa obundu. Tumbo halikuona tofauti.

Ongeza hawa: Milton Obote aliishi Tanzania kama mkimbizi tangu alipopinduliwa mwaka 1971 mpaka 1980. Yoweri Museveni naye alikimbilia Tanzania mwaka huohuo wa 1971. Marais wawili wa Uganda, wote wamewahi kula mkate wa ugeni. Labda ndiyo maana sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, wakati nchi nyingine zinawafungia wakimbizi nyuma ya waya. Leo Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Hili tunalishukuru bila kuogopa kuonekana tunajipendekeza.

Kwa hiyo mkimbizi si kabila. Ni ukurasa. Kuna waliokwisha kuusoma, kuna tunaousoma sasa, na kuna wasiojua kwamba uko mbele yao.

5. Tunapofika pagumu

Hadi hapa mmecheka, na mimi nimecheka nikiandika. Lakini kuna sehemu ya historia hii haina kicheko, na nikiiruka nitakuwa mwongo.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapa Mpondwe. Waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Watoto wa rika letu na wadogo zetu. Wengine walichomwa. Sitaandika zaidi ya hapo. Kuna wazazi wanaosoma maandishi haya.

Wiki zile, ukiwa na Kiswahili chetu mdomoni, ulijifunza kunyamaza kwenye taxi. Siku moja kwenye stendi ya boda mtu alituambia, mimi na rafiki yangu, "Nyinyi ndio mnawaleta." Rafiki yangu alitaka kujibu. Nilimvuta mkono. Si kwa sababu mtu yule alikuwa na haki. Ni kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua alikuwa ametoka kwenye mazishi ya nani.

Usiku huo sikulala. Nilifikiria hivi. ADF ilianzishwa na Waganda katikati ya miaka ya 1990, ikajificha milimani upande wa Congo. Novemba 1996 walishambulia hapahapa Mpondwe, na miaka iliyofuata watu wengi wa Kasese na Bundibugyo waliacha nyumba zao. Kisha wakazama Congo, na tangu 2014 wamekuwa wakichinja watu wa kwetu Beni, kijiji kwa kijiji, mashambani, usiku. Sasa sikiliza vizuri. Beni, mtu aliyezika watoto wake anasema, "Hawa wauaji ni Waganda, wametoka Uganda." Mpondwe, mtu aliyezika watoto wake anasema, "Hawa wauaji wametoka Congo." Wote wawili wananyoosha kidole, na vidole vinakutana katikati ya daraja.

Na muuaji? Muuaji hana shida na mpaka. Ameua pande zote mbili bila kuuliza kitambulisho. Sisi tulikimbia panga lilelile lililowafuata ninyi mpaka bwenini. Kama kuna watu wawili duniani wanaopaswa kukaa mkeka mmoja na kulia pamoja, ni mama wa Beni na mama wa Mpondwe. Lakini hofu haikai mkeka mmoja na mtu. Hofu inataka jirani wa kumlaumu, kwa sababu jirani yuko karibu na muuaji yuko msituni.

Sisemi watu waache kuogopa. Anayesema hivyo hajawahi kulala nje. Nasema hofu iulizwe maswali kabla haijapewa fimbo.

Tulishaona inawezekana. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa upande wa Congo. Juni 2019 ugonjwa ukavuka, ukafika hospitali ya Bwera ndani ya familia moja iliyokuwa imekwenda kumuuguza mzee wao ng'ambo, kama familia yoyote ingefanya. Ingekuwa rahisi kufunga daraja na kufukuza watu. Badala yake kulikuwa na ndoo za maji yenye dawa, vipima joto, wauguzi waliochanjwa mapema, na watu wa pande mbili waliopeana habari. Uganda ugonjwa haukuenea. Walichofanya ni kukagua ugonjwa, hawakukagua kabila. Na walijua jambo moja: ukimtukana mtu wa ng'ambo, atavuka usiku kupitia kichakani, na hapo hutamwona wala hutampima.

6. Kwenu ninyi wa kadi shingoni

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tunawapenda, kwa hiyo tutawatania kidogo.

Kule Katwe niliyotaja kuna jengo kubwa lenye kutu. Miaka ya 1970 ulianza mradi mkubwa wa kiwanda cha chumvi, wenye wataalamu wa Kijerumani na mashine za kisasa. Kiwanda kilijengwa, kikawashwa. Na chumvi ikala mabomba. Kwa kweli, ikayala. Mpaka leo watu wanachota chumvi kwa mikono, wamesimama kwenye maji yanayochoma ngozi, na kiwanda kimesimama kinawatazama. Sijui mkutano ule wa kupanga mabomba ulikuwa na chai na mandazi mangapi, lakini nadhani mama mmoja wa Katwe angekaa pale nyuma angesema, "Wanangu, chumvi hii inakula chuma. Mimi imekula hata ndoo yangu."

Basi mkija na fomu yenye vyumba viwili, "mkimbizi" na "jamii wenyeji", mkumbuke yule mama muuza nyanya. Mtamweka chumba gani? Mama yake ni wa ng'ambo, dada yake yuko darajani na mawese, yeye amezaliwa Bwera. Fomu zenu tunazijaza, msijali. Posho ni posho, iwe ya sahani au ya bahasha. Ila mkitaka kujua watu wanaishije, mje sokoni siku ya Ijumaa bila fomu. Kunyweni chai. Ulizeni mama zao walitoka wapi.

7. Kazi ya wiki hii

Kawaida mwandishi wa wiki anaacha kazi. Yangu ni hii. Kila mmoja atafute mzee mmoja, awe Mkonzo wa hapa au mkimbizi mwenzetu, amwulize swali moja tu: "Umewahi kuvuka ukikimbia? Nani alikufungulia mlango?" Usimrekodi kama hataki. Usibishane naye akikosea tarehe. Sikiliza jina la aliyefungua mlango, liandike kwenye daftari.

Najua mtakachokikuta, kwa sababu nimeanza na tate wangu kwa simu. Aliniambia kwamba akiwa msichana, kwao walilaza watu kutoka upande wa Uganda kwa miezi kadhaa. Nikamwuliza, "Hamkuchoka nao?" Akasema, "Tulichoka sana! Walikuwa wanakula! Lakini ungewapeleka wapi?" Hiyo ndiyo historia ya ukarimu ambayo vitabu haviandiki. Waliowapokea wenzao hawakuwa malaika. Walinung'unika, walihesabu unga, walisengenya usiku. Asubuhi wakawasha moto tena, wakaongeza maji kwenye sufuria.

Kwa hiyo mtu wa Bwera akinung'unika juu yangu, siku hizi sikasiriki haraka. Kunung'unika ni haki ya anayegawana chakula. Ninachoomba ni kwamba moto uwake asubuhi. Na siku ikija zamu yangu ya kuwa mwenyeji, kwa sababu zamu huja, mnikumbushe maandishi haya. Maana ninajijua, nitakuwa wa kwanza kusema wageni wamezidi.

Kuhusu yule mama: nilirudi Jumanne. Alinitambua, akanipimia nyanya za elfu mbili, kisha akaongeza mbili juu, nyongeza. Nilipofika nyumbani nikakuta moja kati ya zile mbili imeoza upande.

Nilikata pale palipooza, nikapika zote.

Tuko pamoja. Nasubiri majina ya wafungua milango.